Bei ya Hewa ya Lushoto

Joto la Dar es Salaam likishika Februari, wenzangu wa rika la kustaafu huwa na mazungumzo yaleyale. Huyu analalamikia kodi ya nyumba, yule foleni, mwingine maji yanayotoka usiku wa manane. Kisha hakosekani mmoja anayejua mji mdogo wenye baridi, msitu uko karibu, na kiwanja bado ni cha bei ya mtu wa kawaida. Wako wanaotaja Mafinga, wako wa Njombe, wako wa Tukuyu. Mimi moyo umeangukia Lushoto, na kila nikipata likizo napanda huko kutazama pa kuhamia.

Kuvutiwa na Lushoto hakuhitaji kushawishiwa. Unaiacha barabara kuu Mombo, kwenye joto la tambarare, unapanda kona kwa kona kupitia Soni kwa kilomita thelathini na kitu, hadi mji ulioko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Juu yake uko msitu wa hifadhi wa Magamba, wenye mikulo na mbega. Sokoni kuna karoti, kabichi, mapea na plamu ambazo hazijalipiwa nauli ya kwenda mjini. Nyumba ya kupanga ya vyumba vitatu unaipata kwa fedha ambayo Sinza, Dar es Salaam, ingekupa chumba na sebule.

Najua hesabu haiishii hapo. Kati ya Juni na Agosti baridi inaingia hadi kwenye mifupa, na nguo ulizofua zinakaa kwenye kamba siku nzima bila kukauka. Mfuko wa saruji unalipa nauli ya kupanda mlima. Masika ikikolea, udongo huporomoka barabarani. Ugonjwa mkubwa maana yake ni safari ya hospitali ya Bombo, Tanga, au KCMC kule Moshi, na mtu wa umri wangu halipuuzi hilo. Hata hivyo, hizo ni gharama zinazoandikika, na ukishaziandika unaamua kama unaziweza.

Gharama iliyonikosesha usingizi ni ile isiyomo kwenye daftari langu. Nilianza kujiuliza kwa nini huku ni nafuu. Sehemu ya jibu ni vijana. Mashamba ya milima hii ya Usambara yamegawanywa baba kwa mwana hadi mengine ni vipande vya kutosha matuta machache ya maharage. Kijana anashuka Tanga au Dar es Salaam kuendesha bodaboda au kufungua genge. Yeye anashuka kutafuta fedha, mimi napanda kutafuta hewa, tunapishana Mombo.

Sehemu nyingine ya jibu ni watu waliobaki na kujizuia. Anayeishi jirani na hifadhi anaona mti unaofaa mbao akauacha. Ana bonde lenye rutuba kando ya chemchemi, na hapaswi kulilima hata kama shamba lake halimtoshi. Matunda ya kujizuia huko yanateremka kwenda kwa wengine. Mto Zigi, unaotoka kwenye misitu ya Amani upande wa Usambara Mashariki, ndio unaojaza bwawa la Mabayani linalowapa maji watu wa jiji la Tanga. Maji ya upande wa Lushoto yanashuka kwa Mto Mkomazi na kuingia Mto Pangani, unaozungusha mitambo ya umeme ya Hale. Sisi wa tambarare tumekuwa tukila jasho la watu wa milimani kabla hata hatujafikiria kuhamia kwao.

Mama mmoja aliyenionyesha nyumba ya kupanga pembezoni mwa mji alinifumbua macho bila kukusudia. Nilimwuliza kuhusu kodi, choo na mita ya umeme, akajibu yote kwa upole. Zamu yake ilipofika alikuwa na swali moja tu: "Baba, mkihamia mtapikia nini?" Nikamwambia, "Gesi, mama." Akashusha pumzi, akaanza kunitembeza hadi jikoni. Wapangaji waliotangulia, alisema, walikuwa watu wa sherehe kila mwisho wa wiki, na mkaa na kuni za sherehe zile hazikuwa zikitoka Dar es Salaam. Mimi nilikuwa napima nyumba yake, naye anapima kitakachobaki cha mlima nikishaingia.

Ana sababu ya kupima. Sisi si wa kwanza kupanda milima hii tukikimbia joto. Wajerumani walipenda hali ya hewa hapa Lushoto, wakapaita Wilhelmstal, wakagawana mashamba. Waingereza waliowafuata, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia waliona udongo unamomonyoka, wakaanzisha mpango wa kuwalazimisha wenyeji Wasambaa kukata matuta kwenye miteremko. Kazi ilikuwa nzito, chakula hakikuongezeka, watu wakaupinga, na mwaka 1957 ukaachwa. Udongo ulikuwa ukimomonyoka kweli. Lakini aliyetoa amri hakuwa na jembe mkononi wala shamba la kumlisha. Tangu niisome habari hiyo, nimekuwa mwangalifu ninaposikia wenzangu wa mjini wakisema tutahamia milimani "tukawafundishe kutunza mazingira."

Mgeni wa leo haji na bendera. Anakuja na dalali. Ananunua, anachonga mteremko kwa mashine apate uwanja wa gari, mvua ya kwanza inaupeleka udongo ule kwenye shamba la jirani wa chini. Anajenga ukuta unaokatiza njia ya watoto ya kwenda kisimani. Anakuja Krismasi na Pasaka, miezi mingine geti lina kufuli. Na bei aliyolipa inageuka bei ya mtaa mzima, kiasi kwamba kijana aliyetaka kurudi ajenge karibu na baba yake analazimika kubaki Tanga. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji ahame.

Sheria zipo, na zimeandikwa kwa kuwafikiria wenyeji. Ardhi ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli zitakazoharibu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au chanzo cha maji. Dalali aliyenipeleka kwenye kiwanja kizuri kuliko vyote, chenye kijito kikipita chini ya migomba, aliniambia mambo ya mkutano na mita "yanaongeleka." Kwa kauli hiyo nikajua kile kiwanja si changu, hata kama fedha ingenitosha.

Nimeamua kupanga kwanza kwa mama yule, mwaka mzima, nione Julai yake na masika yake. Nitapika kwa gesi kama nilivyoahidi. Mimi ni mhasibu, na Lushoto ni nchi ya mboga. Mkulima huko anauza kabichi kwa magunia ya lumbesa yaliyojazwa kupita kipimo, faida anabaki nayo mwenye lori. Chama cha akiba na mikopo kikihitaji mtu wa kukaa jioni na kuwasomea wanachama hesabu zao, kazi hiyo naiweza. Nitakwenda misibani, nitakaa nyuma kwenye mikutano, nitasikiliza kabla ya kuwa na maoni.

Baada ya hapo ndipo nitakapokuwa na haki ya kuuliza kuhusu ardhi, na nitauliza mbele ya mkutano, si nyuma ya ofisi ya mtendaji. Wakinipa, nitajenga nyumba ndogo inayokaliwa siku zote. Wakininyima, nitaendelea kupanga. Kodi yangu itaingia mkononi mwa mwenyeji, na kipande cha ardhi ambacho ningekinunua kitamngoja mwenye haki nacho zaidi, yule kijana ninayepishana naye Mombo. Hayo nayo ni maisha ya nafuu, na mimi yananitosha.