Niko Chuo Kikuu: Je, Maneno ya Kweli Yanaweza Kuwa Uongo?

Mwezi wa Oktoba 2024, mmoja wa wanafunzi niliosoma nao sekondari alifungua kundi la WhatsApp na kuanza kutukusanya. Ilikuwa imetimia miaka 25 tangu tulipofanya mtihani wa kidato cha nne katika shule moja ya kutwa huko Busoga, mashariki mwa Uganda. Tulikuwa zaidi ya hamsini darasani. Katika wiki mbili tulipatikana thelathini na wanne. Sharti lilikuwa moja tu: kila anayeingia ajitambulishe kwa mistari michache, yuko wapi, anafanya kazi gani, ana familia gani.

Habari zikamiminika. Mmoja ni daktari Mbarara, mwingine ni muuguzi Uingereza, mwingine ni mchungaji mwenye kanisa lake, mwingine amejenga shule. Picha zilifuata: nyumba, magari, watoto waliovaa majoho ya mahafali. Zamu yangu ilipofika niliandika: "Mimi niko chuo kikuu hapa Kampala, idara ya Kiswahili. Namshukuru Mungu." Haikupita dakika tano hongera zikaanza. "Profesa wetu!" aliandika mmoja. Mwingine akasema kwamba tangu zamani alijua nitafika mbali. Nikatuma alama ya mikono ya kushukuru, nikazima simu.

Mimi si profesa. Ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Baada ya kidato cha nne ada ilikosekana, nikawa utingo wa malori yanayotoka Mombasa kupitia Malaba hadi Kampala. Kiswahili changu cha kwanza nilikipata kwa madereva, kwenye foleni za mpakani. Baadaye niliuza vipuri vya magari katika soko la Kisekka kwa miaka mingi. Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni, niliona kwamba lugha ya barabarani inaweza kunifanya mwalimu. Nikafanya mtihani wa kujiunga na chuo wanaofanyiwa watu wazima waliotimiza miaka 25, nikapita, nikaanza masomo mwaka 2023. Wengi ninaosoma nao wangeweza kuwa watoto wangu.

Basi ninauliza: kila neno nililoandika lilikuwa la kweli. Niko chuo kikuu. Niko idara ya Kiswahili. Je, nilisema uongo?

Kwa siku kadhaa nilijitetea. Hoja yangu ya kwanza ilikuwa kwamba mtu ana haki ya kuficha mambo yake. Siri ya mtungi aijuaye kata. Ya pili ni kwamba wao ndio walioelewa vibaya, mimi sikujiita profesa. Ya tatu ni kwamba hakuna aliyeumia. Walifurahi, nami nikafurahi.

Hoja ya kwanza ina nguvu. Katika somo la maadili tulijifunza juu ya Immanuel Kant, ambaye mwaka 1797 aliandika kwamba hata muuaji akibisha hodi na kuuliza kama rafiki yako amejificha ndani, hupaswi kumdanganya. Darasa zima lilipiga kelele kumpinga. Lakini hata mtu mkali kiasi hicho hakudai kwamba kila tunachokijua lazima tukiseme. Kunyamaza ni jambo moja, kudanganya ni jingine. Nikashika mlango huo: mimi nilinyamaza tu.

Hata hivyo, nikijichunguza naona sikunyamaza. Anayenyamaza humwacha mwenzake bila habari. Mimi niliwapa habari, tena nikijua wataisoma vipi. Na ushahidi ninao mwenyewe, kwa sababu mara ya kwanza niliandika "ninasoma chuo kikuu". Nikalitazama neno "ninasoma", nikalifuta, nikaweka "niko". Kama sikuwa na nia ya kudanganya, nililifuta la nini? Kwa hiyo naona uongo haukai katika neno lenyewe. Unakaa katika kile ninachotaka mwenzangu akiamini nami najua si kweli. Hoja ya pili inaanguka hapo hapo. Hawakuelewa vibaya, walielewa kama nilivyopanga.

Hoja ya tatu iliangushwa na simu. Alinipigia mtu niliyekaa naye dawati moja kwa miaka minne. Yumo katika kundi lakini alikuwa hajaandika chochote. Siku hizi anatengeneza baiskeli na pikipiki kijijini kwao. Tulizungumza Kisoga, kwa hiyo maneno yake nayaeleza kwa Kiswahili changu. Alisema, "Ndugu yangu, nilikuwa nimeandika habari yangu. Nikasoma yako, nikaifuta ya kwangu. Wewe na mimi tulifukuzwa pamoja kwa ajili ya ada, tukarudi nyumbani njia moja. Miaka yote najiambia kuwa ni ada iliyoniangusha. Kumbe wewe ulifika. Basi tatizo nilikuwa mimi."

Nilikosa la kusema. Nilidhani nimejiongezea sifa bila kuchukua kitu cha mtu. Kumbe nilikuwa nimemnyang'anya sababu yake. Alikuwa na maelezo ya haki kuhusu maisha yake: tulikuwa maskini, ada haikupatikana, mlango ukafungwa. Habari yangu iliyageuza maelezo hayo kuwa visingizio, na bahati mbaya yake ikawa kosa lake.

Hapo ndipo nilipoona kwa nini ukweli kati ya watu waliosoma pamoja una uzito wa pekee. Nikipita Kololo nikaona jumba la tajiri nisiyemjua, halinihoji chochote. Sijui alianzia wapi. Lakini mwanafunzi mwenzangu alianza nami siku moja, ubao mmoja, mwalimu mmoja. Habari yake ni kama rula ambayo hata nisipotaka nitajipima nayo. Anayeuza kwa mizani mbovu tunamwita mwizi, ingawa pengine hajaingiza mkono mfukoni mwa mtu. Nami niliweka mizani mbovu mbele ya watu thelathini na watatu.

Mtu anaweza kunipinga: je, unataka kila mtu amwage madeni, talaka na magonjwa yake mbele ya watu ambao hajawaona kwa robo karne? Hapana. Kosa jingine, naamini, limo katika swali lenyewe. Tunauliza "unafanya kazi gani?" halafu tunasikia "una thamani gani?" Wanaosoma fasihi wanamkumbuka Utubora katika *Utubora Mkulima* ya Shaaban Robert, aliyeacha ukarani wenye mshahara mnono akaenda kulima. Najiuliza angeandika nini katika kundi letu. "Niliacha kazi, sasa nalima." Nadhani tungemtumia pole.

Tena swali hilo huulizwa siku moja, kumbe maisha si ya siku moja. Mwaka 1964 televisheni ya Uingereza iliwahoji watoto 14 wa miaka saba katika filamu iitwayo *Seven Up!*, kisha wakawa wanarudiwa kila baada ya miaka saba kwa miongo mingi. Mmoja wao, Neil Hughes, alikuwa mtoto mchangamfu. Alipokuwa na miaka 28 hakuwa na makazi, akitangatanga Scotland. Katika miaka yake ya arobaini alikuwa diwani London. Aliyemwona akiwa na miaka saba, au 28 tu, angemhukumu vibaya kwa namna mbili tofauti. Kwa hiyo hakuna jibu la mistari mitatu linaloweza kubeba miaka 25, na anayelisoma asilichukue kama hukumu. Lakini udogo wa nafasi haukunipa ruhusa ya kuijaza kwa udanganyifu. "Ninasoma" na "niko" yangechukua nafasi ile ile.

Kwenye simu nilimwambia rafiki yangu ukweli wote: malori, Kisekka, mtihani wa watu wazima, madaftari niliyonayo sasa. Alinyamaza muda mrefu nikadhani amekata. Kisha akacheka. "Kwa hiyo na wewe mpaka leo unatafuta ada?" Nikamjibu ndiyo, na ya muhula huu sijaimaliza.

Usiku ule niliandika tena katika kundi: "Nilisema niko chuo kikuu. Niko kama mwanafunzi, mwaka wa pili. Nisameheni kwa kuwaacha mkidhani vingine." Sitadai kwamba mambo yalibadilika sana. Wengi hawakusema kitu, na mmoja bado ananiita Profesa, sijui kwa heshima au kwa dhihaka. Watu watatu ambao hawakuwa wameandika waliandika siku zilizofuata. Mmoja alisema alifungiwa duka wakati wa korona na hajasimama tena. Yule daktari wa Mbarara alimpa pole, akaongeza kwamba yeye mwenyewe kidato cha sita alikirudia.

Rafiki yangu wa dawati hajaandika hadi leo. Sikumshawishi aandike. Yeye hajamdanganya yeyote. Amenyamaza, na kunyamaza ni haki yake. Mimi ndiye niliyekuwa na deni, kwa sababu nilichagua kusema. Jibu langu kwa swali nililoanza nalo ni ndiyo: maneno ya kweli yanaweza kuwa uongo, na yanakuwa uongo mbaya zaidi yakimfikia mtu anayejipima nayo. Habari zetu tunaweza kuzitoa au kuziacha, lakini tukizitoa, tujue kwamba kuna mtu mahali fulani ameshika simu, anasoma, na anaamua kama afute ya kwake.