Kesho ya Saa Ngapi?

Mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri hupita juu kabisa ya utosi wa Dar es Salaam, kivuli cha mtu kikamwishia miguuni. Baada ya hapo linaendelea kaskazini, na kufikia tarehe 20 au 21 liko juu ya ikweta. Watu wa Ulaya hulipokea kwa furaha, wakisema majira yao ya kuchipua yameanza. Sisi linatuachia ukanda wa mvua unaolifuata nyuma. Kaskazi imelegea, kusi haijashika. Mabaharia wa pwani hii huyaita majira haya tangambili, maana upepo unaweza kutoka upande wowote. Asubuhi anga ni jeupe, ungedhani kiangazi bado kipo. Saa tano wingu limefunga, saa sita barabara imejaa maji, saa nane jua linachoma tena juu ya matope. Masika yenyewe, ile mvua nzito ya Aprili ambayo mtu huipangia ratiba, bado. Hizi ni wiki ambazo huwezi kupanga kitu kikakaa kama ulivyokipanga.

Wanaofua ndio wanaozijua vizuri zaidi. Shati jeupe la shule linafuliwa jioni, linaanikwa alfajiri, linaanuliwa mbio saa nne, linaanikwa tena saa saba, na ikifika magharibi kola na kwapa bado ni mbichi. Soksi zinahamia nyuma ya friji, kwenye zile nyaya zenye joto. Shati linamaliziwa kwa pasi, na pasi inakula umeme, kwa hiyo katikati ya shati la pili yuniti zinaisha. Hapo utamkuta mama wa watu amesimama ukutani saa tatu usiku, simu ameibana chini ya kidevu apate mwanga, mtoto kashika mwavuli juu ya mita, na yeye anabonyeza tarakimu 20 za Luku moja baada ya moja. Akikosea, anaanza upya. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi mtoto anavaa shati kavu na kwenda zake. Hasemi kitu, na kwa nini aseme? Shati kavu halionekani. Lingekuwa bichi ndipo lingeonekana.

Tunaposema maana ya maisha, akili hukimbilia kuzaliwa, mapenzi, imani, kifo, nchi. Sina ugomvi na hayo. Lakini mtu akizikwa akiwa na miaka 70, mambo hayo makubwa yatakuwa yamechukua siku zake chache sana. Zilizobaki amezimaliza kwenda dukani, kumfuata fundi, kupanga foleni, kungoja daladala, kurudisha kitu alichouziwa kibovu. Kama siku hizo hazina maana, basi tumekubali kwamba karibu maisha yote ni kungoja maisha yenyewe yaanze, na mimi siko tayari kulikubali hilo.

Epictetus ni mmoja wa wanafalsafa wa kale walioyachukulia mambo haya kwa uzito. Alizaliwa mtumwa huko Hierapolis, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, akaishi Roma, akaachwa huru, kisha akafundisha Nicopolis, Ugiriki, mpaka uzeeni. Yeye mwenyewe hakuandika. Tuliyonayo yaliandikwa na mwanafunzi wake Arrian. Katika kile kitabu kidogo cha mafundisho yake upo mfano wa mtu anayekwenda kuoga kwenye bafu la umma. Kabla hujatoka nyumbani, anafundisha, jikumbushe yanayotokea huko: watu hurushiana maji, husukumana, hutukanana, huibiana. Ukienda unayajua hayo, na umekusudia mambo mawili kwa pamoja, kuoga na kulinda utulivu wa nafsi yako, hakuna atakayekuharibia siku. Nimeyajaribu mafundisho haya ndani ya daladala za Machi, madirisha yamefungwa, maji yanachuruzika kutoka juu, konda anaita watu waingie mahali ambapo hapana nafasi, na yanasaidia kweli. Mtu aliyewahi kuwa mali ya mtu mwingine alijua uzito wa maneno yake alipotenganisha yaliyo mikononi mwetu na yasiyokuwamo.

Hata hivyo kuna mahali ninapoachana naye. Kwake mvua, msongamano, mwizi na mwenye dharau wote wako upande mmoja: ni mambo ya nje, niyapokee yote kwa moyo uleule. Mimi naona hayafanani.

Mto Msimbazi ukifurika na barabara ya Jangwani ikafungwa, tunaweza kulaumu mitaro iliyoziba na nyumba zilizojengwa bondeni, na tuna haki. Lakini maji yenyewe hayajatudharau. Watu wanavua viatu na kuvitia mfukoni, wanakunja suruali, wanashikana mikono na kuvushana, hata wasiojuana. Hasira ipo, ila ni ndogo kuliko ile utakayoikuta kwenye chumba kikavu chenye feni na viti, ambako watu wameambiwa wasubiri bila kuambiwa wanasubiri nini.

Pwani hii imejengwa na watu waliosubiri. Jahazi lililokuja na kaskazi kutoka Arabuni halikuwa na njia ya kurudi mpaka kusi ishike. Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa masafa ambayo chombo kiliweza kuyamaliza na kurudi ndani ya msimu mmoja, na hilo peke yake linaeleza mengi kuhusu utajiri wake wa zamani. Nahodha, mfanyabiashara na baharia walikaa wiki na miezi Lamu, Mombasa, Zanzibar. Katika kungoja huko walioa, walizaa, walijenga, walidaiana na kulipana, walisomeshana, na lugha ninayoiandika hapa ikajaa maneno yao. Sidhani kama tunaweza kuiita miezi ile muda uliopotea, maana sisi wenyewe tumetokana nayo. Kungoja upepo hakumdhalilishi mtu, kwa sababu upepo haujui kama wewe upo.

Mtu anajua.

Katika ofisi moja ya hapa mjini, Machi moja ya mvua, nilikaa kwenye benchi nyuma ya bibi mmoja aliyeleta karatasi za mjukuu wake. Alikuwa ametoka Chanika kwa daladala mbili. Karatasi alizifunga kwenye nailoni na kuzibana ndani ya khanga, kifuani, na hapo ndipo mahali pekee ambapo hakulowa. Kijana wa dirishani alimwamkia vizuri, shikamoo yake aliitoa, akazipokea karatasi kwa mikono miwili, akazipitia zote, zilikuwa sawa. Kisha akamwambia, "Mwenye muhuri katoka, bibi. Njoo kesho."

Bibi hakugomba. Aliuliza tu, "Kesho ya saa ngapi, mwanangu?"

Kijana hakuwa na jibu. Hakuwa mkorofi, ilionekana tu hajawahi kuulizwa. Kesho yake ilikuwa ya kumaliza mazungumzo. Kesho ya bibi ilikuwa na saa ndani yake, ilikuwa na nauli, mvua, mjukuu wa kuachwa kwa jirani, na sufuria la maharage lisilo na wa kulitazama. Akarudia swali lake kwa upole uleule, na safari hii akaongeza kwamba hana haraka, anataka tu kujua. Kijana akanyanyuka, akaingia chumba cha ndani, akatoka na namba ya simu, akapiga. Mwenye muhuri alikuwa mgahawani, nyumba ya tatu kutoka pale. Kazi yenyewe, alipokuja, haikuzidi muda wa kupuliza wino ukauke.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi, na ninachokiona ni kwamba adabu ilikuwapo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni kingine. Tumelelewa vizuri katika kuheshimu umri wa mtu, jina lake, msiba wake, lakini saa zake tunazichota bila kuomba. Anayesema njoo kesho hajachukua shilingi ya mtu, kwa hiyo hajioni kama amechukua kitu. Amechukua nusu siku ya mtu mzima, na nusu siku hiyo hakuna atakayeweza kuirudisha. Wengi wetu hatutawahi kuokoa nchi wala kuisaliti. Mtihani wetu uko hapo kwenye dirisha, kwenye kaunta ya dawa, kwenye meza ya fundi, mara kadhaa kila siku: je, aliye mbele yangu ana maisha yaliyojaa kama yangu, au ana nafasi tupu ambayo naweza kuijaza kwa kungoja? Hapo ndipo ninapoitafuta maana ya siku hizi ndogondogo, na sijaona mahali pengine inapopatikana kwa wingi hivyo.

Mzigo wenyewe haujagawanywa sawa. Azimio la Arusha la mwaka 1967, hati inayozungumzia umiliki wa uchumi, mikopo ya nje na masharti ya viongozi, lilisimama pia kuhesabu saa za watu. Lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi pengine kuliko mtu mwingine yeyote nchini, wakati mwingine saa 12 au 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, huku wanaume wa vijijini wakiwa mapumzikoni kwa nusu ya maisha yao. Kwangu mimi hiyo ni moja ya kurasa za kweli zaidi katika siasa yetu, kwa sababu ilitafuta usawa mahali ambapo kwa kawaida hatutazami, kwenye matumizi ya siku. Mjini jembe limegeuka kuwa ndoo, sare, fomu, foleni, dawa ya mgonjwa. Pita kwenye dirisha lolote la huduma saa nne asubuhi utazame ni nani wamesimama na ni nani wamebeba watoto. Naamini ndiyo sababu vitabu vingi vya maana ya maisha vimeyaruka mambo haya: waliopata muda wa kuviandika, mara nyingi, walikuwa na mtu wa kuwaanikia nguo.

Sitaki, hata hivyo, kumhukumu kila anayechelewesha. Fundi cherehani wa mtaani kwetu anashonea barazani, na mwezi huu naye anachelewa. Cherehani yake ina mota. Umeme ukikatika anarudi kwenye ile ya miguu, ambayo mkanda wake umelegea na kila baada ya mshono mrefu anaukaza kwa kidole. Kitambaa kikipata unyevu kinavutika chini ya mkasi, kipande cha kushoto kinatoka kipana kuliko cha kulia. Baraza linavuja upande mmoja, kwa hiyo amesogeza meza mpaka goti lake linagusa ukuta. Uzi wa bluu iliyokolea aliuagiza Kariakoo, na aliyemwagizia amekwama njiani kwa ajili ya maji. Yeye pia anamngoja mtu, na mtu huyo anangoja mvua. Ukiifuata kero yoyote kwa subira utakuta imepita mikono mingi, na mara nyingine mkono wa mwisho ni wa mbingu.

Lakini fundi huyu ana jambo moja. Asubuhi, kabla wingu halijafunga, anapiga simu, na asiye na simu anamtumia binti yake mpaka mlangoni: "Dada, sketi ya mtoto haijaisha, usije ukalowa bure. Njoo Alhamisi baada ya alasiri. Nikiona nashindwa, nitakwambia Jumatano." Sketi haijaisha. Mtoto ataendelea kuvaa ile ya zamani iliyopanda juu ya magoti. Ila siku yangu ya leo ameniachia, naweza kuipeleka kwingine, na hata hasira haina pa kushika.

Epictetus alitufundisha kutambua yasiyo mikononi mwetu na kuyaacha yalivyo. Fundi amefanya jambo ambalo mafundisho yale hayaligusi: amekichukua kitu kilichokuwa nje ya uwezo wangu na kunikabidhi. Mtu mmoja anaweza kumpanulia mwenzake eneo la uhuru wake, na anaweza kufanya hivyo hata pale asipoweza kumpa alichokifuata. Jua haliwezi kunifanyia hivyo, wala kusi.

Kijana wa dirishani anaweza. Hahitaji bajeti mpya wala sheria mpya. Anahitaji kujua mwenye muhuri anarudi saa ngapi, na njia ya kulisema hilo kabla bibi hajapanda daladala ya kwanza kutoka Chanika.