Swali Kabla ya Cheo

Shahada ya uzamivu katika uchumi huanza siku unapopata swali ambalo hakuna aliyekwisha kulijibu. Kijana wa Gorong'a, wilayani Tarime, amekulia katikati ya maswali ya namna hiyo: Tarime ina mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, na soko la mpakani la Sirari, na wilaya jirani ya Serengeti ina hifadhi inayopokea watalii kutoka dunia nzima. Utajiri huo unamfikiaje mkulima wa mahindi na mfugaji wa ng'ombe, na sehemu yake nyingine inaishia wapi? Hisabati na takwimu atafundishwa darasani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au kwingineko, lakini sababu ya kuvumilia miaka ya kusoma, kukusanya data na kuandika upya sura zilezile lazima aende nayo kutoka nyumbani. Wewe unayetaka kuomba nafasi, andika kwanza swali lako kwa Kiswahili chepesi, wasomee wazee wa kijijini kwako, na wakikuambia kwamba jibu lake wanalihitaji, tuma maombi.