MBWA ALIYETUPWA



Katika sura ya 16 ya Injili ya Luka, Bwana wetu Yesu Kristu anatusimulia habari za maskini Lazaro, aliyelala mlangoni pa tajiri, mwili wake umejaa vidonda. Tajiri hakumjali. Waliomjia ni mbwa, wakamlamba vidonda vyake. Leo, katika miji na vijiji vyetu, mara nyingi mambo yamegeuka: alalaye mlangoni na vidonda vyake ni mbwa mwenyewe, nasi ndio tupitao.

Mbwa huyo hakujileta. Mtu alimchukua angali mdogo, akampa jina, akamfunga mnyororo ili alinde nyumba na kuku. Alipozeeka, au alipoota upele, au mwenyewe alipohama, alifukuzwa kwa mawe. Wengine hutiwa guniani hata kabla hawajafumbua macho, wakatupwa jalalani. Je, jambo hili ni dogo mbele ya Mungu?

Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, chaamuru kumsaidia hata punda wa adui aliyelemewa na mzigo. Tena chataka ng'ombe na punda wapumzike siku ya Sabato. Kitabu cha Methali, sura ya 12, chamtambua mwenye haki kwa jinsi anavyoangalia uhai wa mnyama wake. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha katika namba 2418 kwamba kuwatesa wanyama au kuwaua pasipo haja ni kinyume cha heshima ya binadamu. Angalieni vema: heshima inayovunjwa ni ya binadamu. Amtesaye asiyeweza kujitetea ajidhalilisha mwenyewe.

Wako watakaouliza: "Watoto wa watu wana njaa, tutamlishaje mbwa?" Swali ni la haki. Katekisimu hiyo hiyo yasema haifai kuwatumilia wanyama fedha iliyopasa kwanza kuondoa shida za watu, wala kuwapa mapendo yawapasayo watu tu. Lakini hapa hatusemi habari za anasa. Twasema habari za bakuli la maji, makombo ya ugali na kivuli. Nyumba isiyoweza kutoa hayo isifuge mbwa.

Tena, kumtunza mbwa ni kumlinda mtoto. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Dalili zikiisha kuonekana, ni nadra sana mtu kupona. Lakini chanjo ipo tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto mmoja huko Ufaransa mwaka 1885. Wataalamu wasema kwamba asilimia 70 ya mbwa wa mahali wakichanjwa, ugonjwa huzuiwa usienee. Na mbwa wa jalalani, nani atampeleka kuchanjwa?

Basi tufanyeje? Mbwa mgeni anayetokwa na mate, anayeyumbayumba au kushambulia bila kuchokozwa, asiguswe. Aitwe bwana mifugo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja. Lakini mbwa mtulivu aliyedhoofu kwa njaa apewe maji, na chakula kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, maana shibe ya ghafula yaweza kumdhuru. Achanjwe, apewe dawa ya minyoo, aondolewe kupe. Akiogopa, asishikwe kwa nguvu. Mtu akae kimya karibu naye, mpaka mbwa aje mwenyewe. Kazi hiyo yaweza kuchukua majuma, pengine miezi.

Enyi wazazi, watoto wenu wanawatazama. Mtoto anayeachwa kumpiga mbwa mawe huku akicheka anajifunza kwamba mnyonge hana haki. Kesho mnyonge huyo atakuwa mdogo wake, au mke wake, au ninyi wenyewe katika uzee wenu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mpeni kazi ya kujaza bakuli la maji kila asubuhi kabla ya kwenda shule.

Tarehe 4 Oktoba Kanisa lamkumbuka Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyewaita viumbe ndugu zake. Tusingoje siku hiyo. Jioni ya leo nendeni nyuma ya nyumba, mkatazame kama bakuli lina maji.