Alama ya Moto Ukutani

Katika baadhi ya nyumba za Moshi mjini, na vijijini Kibosho, Marangu na Machame, huonekana kibuyu kilichonakshiwa kwa moto, kimetundikwa ukutani kando ya picha za jamaa. Hakitiwi mbege wala maziwa; ni pambo. Wapo wasemao kuwa chombo kisichotumika ni maiti ya chombo. Neno hilo lina ukweli wake, kwani kata ya mbege hupokezanwa mkono kwa mkono, na cha ukutani hakipokezanwi. Lakini vikombe vya plastiki vimekwisha kuingia vilabuni. Si ukuta uliokiua kibuyu.

Tuitazame kazi yenyewe, maana wengi huihukumu bila kuijua. Kibuyu kilichokomaa huachwa kikauke mpaka mbegu zicheze ndani, ndipo kikwanguliwe na kusuguliwa. Fundi hupasha msumari mnene katika makaa, akauchora juu ya ganda. Chuma chenye moto wa wastani huacha hudhurungi. Kilichoiva kikawa chekundu huacha weusi. Na mkono ukikawia, ganda hutoboka. Kwa kuwa chuma hupoa upesi, hutumiwa viwili vitatu kwa zamu. Mwanafunzi mwenye jiko la mkaa aweza kuyafanya hayo uani kwao, na ubao mkavu ukafaa mahali pa kibuyu.

Sasa, alama ya moto haifutiki. Mimi hutunga mashairi, na ubeti ukinigomea huukata kwa mstari. Ofisini nako barua hupitia rasimu kabla ya kutiwa sahihi. Mwenye chuma cha moto hana rasimu. Sharti ajue anachotaka kusema kabla ya kugusa, na hapo ndipo swali la maadili lilipo, wala si kwenye msumari wa kutundikia.

Wazee wa Kilimanjaro walikuwa na mregho, fimbo yenye alama za kuchongwa, iliyotumika kuwafunza vijana wa jando. Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyekaa Old Moshi, aliyakusanya mafundisho ya Wachagga katika vitabu vilivyotoka kati ya 1932 na 1938. Alama ilikuwa na somo lake. Asiyejua somo aliona kijiti tu.

Basi uwongo ninaouchelea ni huu: kijana wa mteremkoni huchoma twiga na tembo kwa kuwa mgeni apandaye mlima hununua twiga na tembo, kisha akakiita kibuyu hicho urithi wa Wachagga. Kuuza si kosa. Madaftari hayapatikani bure. Kosa ni jina. Na nyumbani, pasipo mnunuzi, udhuru huo haupo. Kwa nini ukuta wetu wenyewe useme maneno ya dukani?

Kijana huyo hakosi cha kuchoma. Ana mgomba. Ana jani la sale, ambalo aliyemkosa mwenziwe hulipeleka kuomba radhi. Ana mfongo, mfereji ushukao kutoka mlimani kupita kihamba hadi kihamba. Mstari mmoja uzungukao kibuyu bila kukatika watosha kuuonyesha. Na mtoto akiuliza mstari ule ni nini, mwenye nyumba hana budi kumweleza zamu za maji, na nani alifika siku ya kuuzibua mfongo, na nani hakufika.