Kiganja cha Maji

Msimu wa korosho ukichanganya, malori hupanga foleni kuelekea bandarini Mtwara na mji wote hunukia pesa. Ndipo misikiti yetu hupakwa chokaa, na ndipo ugomvi wa vyeo huwaka. Sijawahi kuona mtu akigombea uweka hazina mwezi wa Mei, wakati hakuna korosho.

Msimu mmoja imamu wa msikiti wetu wa mtaani alifariki. Hitima haijasomwa, safu ya mbele imeshagawanyika. Hawa wanamtaka mwanawe, kwa kuwa babu yake ndiye aliyetoa kiwanja. Wale wanamtaka tajiri aliyeezeka bati. Kila upande ulikuja na aya zake. Mzee mmoja, mvuvi wa Msimbati, akauliza kwa upole: "Wanangu, kusoma kwa kila mmoja tumekusikia. Njaa yake nani amewahi kuiona?"

Nilirudi nyumbani na swali hilo, nikafungua Kurani, sura ya Baqara, aya ya 124. Ibrahimu alitahiniwa, akatimiza, kisha ndipo akafanywa imamu wa watu. Mzazi ni mzazi: hapo hapo akaulizia kizazi chake. Akajibiwa kwamba ahadi hiyo haiwafikii madhalimu. Ikiwa uzao wa Nabii haukupewa hati ya urithi, sembuse wa mwenye kiwanja? Sisi tunampa mtu cheo kwanza, halafu tunamwombea dua asiharibike.

Tena tumeugeuza mtihani kuwa wa wanyonge peke yao. Bei ya korosho ikianguka, mimbarini tunaambiwa ni mtihani, tusubiri. Sawa, tutasubiri. Lakini katika aya ile aliyekalishwa mtihani ni kiongozi mwenyewe.

Mbele zaidi katika sura hiyo hiyo yupo Taluti, mfalme aliyepingwa kwa kuwa hana mali. Aliwapeleka askari wake mtoni: atakayekunywa si wake, ila anayeteka kwa kiganja tu. Wengi wakanywa. Wafasiri huutaja mto wa baina ya Jordan na Palestina. Mimi nikisoma nauona Ruvuma wetu, mpana, na watu wamelala kifudifudi ukingoni.

Kinachonishika ni kile kiganja. Maji hayakuharamishwa yote. Imamu ana haki ya nauli, ya posho, hata ya bahasha ya hitima. Kazi ni kujua kiganja kimejaa lini.

Mto wetu wa leo una jina: kangomba. Mkulima amebanwa na ada ya shule au na mgonjwa, anauza korosho zake kwa bei ya kutupa kabla hazijafika chama cha msingi na mnadani. Mnunuzi mara nyingine ndiye huyo wa safu ya mbele, na Ijumaa sadaka yake huishinda ya kila mtu. Kwangu mimi huyo ameshakunywa, hata akiezeka misikiti kumi.

Mwishowe tulimchagua mwalimu wa madrasa, mtu wa kandambili, ambaye mwezi mmoja wa Mei alirudisha shilingi elfu arobaini zilizobaki kwenye mchango wa pampu, wala hakuna aliyekuwa akizikumbuka. Mtoto wa marehemu anaadhini, na sauti anayo. Bati la tajiri mpaka leo halivuji.