Sauti ya Nyikani



Neno letu ni Yohana 1:23, pale Yohana Mbatizaji anapojitambulisha kuwa sauti tu. Neno hilo lilihubiriwa tarehe 21 Desemba 1511, Jumapili ya nne ya Majilio, mjini Santo Domingo, katika kisiwa cha Hispaniola kilichotawaliwa na Wahispania. Mhubiri alikuwa Antonio de Montesinos, mtawa wa Shirika la Wadominiko. Mbele yake walikuwapo wakubwa wa koloni, pamoja na gavana Diego Colón, mwana wa Christopher Columbus.

Wakubwa hao walikuwa wamebatizwa na walikuja ibadani. Lakini walikuwa wamegawana wenyeji wa kisiwa, Wataino, na kuwatumikisha katika migodi ya dhahabu na mashamba hadi wengi wakafa. Montesinos akawauliza wanawatesa kwa haki gani, na kama watu hao si binadamu.

Wakubwa walikasirika. Walimwendea Pedro de Córdoba, mkuu wa watawa, wakidai mhubiri ayafute maneno yake. Mkuu akawajibu kwamba mahubiri yale yalikuwa ya watawa wote. Jumapili iliyofuata Montesinos akapanda tena mimbarani, akayarudia. Habari zikamfikia mfalme Ferdinand, na mwaka 1512 zikatolewa Sheria za Burgos. Mateso hayakuisha, lakini ukweli ulikuwa umekwisha kusemwa.

Padri Bartolomé de las Casas naye alikuwa na wenyeji waliomtumikia. Mwaka 1514, huko Kuba, akitayarisha mahubiri, alisoma katika Yoshua bin Sira juu ya sadaka itokayo katika dhuluma. Akawaachilia watu wake, akawatetea wenyeji hadi alipokufa mwaka 1566. Hata hivyo, alishauri waletwe watumwa Waafrika ili wenyeji wapate nafuu. Baadaye alijuta, akaliandika kosa lake.

Wapendwa, hapa ndipo Neno linapotugusa. Sisi tulidhulumiwa hata tukakimbia. Je, hapa makazini sisi hatudhulumu? Yuko kijana aliyetulimia shamba, tukamnyima ujira kwa kuwa hana ndugu wa kumsemea. Yuko mjane aliyepunjwa siku ya mgao, nasi wazee wa kanisa tukanyamaza kwa kuwa yeye si wa kabila letu. Tukitetea watu wa kwetu na kuwabebesha wengine mzigo, tumerudia kosa la Las Casas. Basi turudie na toba yake.

Juma hili, aliyeshika ujira wa mtu aurudishe kabla ya kuleta sadaka. Na mmoja wetu akisema kweli, tusimwache peke yake. Tuseme kama watawa wale kwamba neno hilo ni letu sote.

Bwana atupe ujasiri. Amina.